Barua kwa Mwanangu: Je, Chama Kilikuwa Ngazi ya Mboya?

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, pamoja na habari za ubishi uliozuka kazini kwenu tangu mchague viongozi wa tawi. Unauliza kama Tom Mboya, yule kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya aliyekuja kuwa waziri, alikuwa mtetezi wa wafanyakazi kweli, au kama chama cha wafanyakazi kilikuwa ngazi tu, akaipanda hadi siasani kisha akaisukuma kwa mguu. Wenzako wamegawanyika nusu kwa nusu, na wewe umeachwa katikati.

Kosa la pande zote mbili ni kumwanza Mboya akiwa tayari amevaa suti, yuko London au Accra. Mwanzeni kwenye Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi na kwenye Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952.

Kwanza waliomtangulia, maana bila wao humwelewi. Mwaka 1947, mwezi wa Januari, Mombasa yote iligoma: bandari, reli, hoteli, hata watumishi wa nyumbani. Chege Kibachia akawa sauti ya wagomaji kupitia African Workers' Federation, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amehamishiwa Kabarnet bila ruhusa ya kutoka. Mei 1949 Makhan Singh na Fred Kubai wakaunda East African Trade Union Congress. Serikali ikakataa kuisajili. Mwaka uliofuata Makhan Singh akasimama Nairobi, mwezi wa Aprili, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, na katikati ya Mei yeye na Kubai wakakamatwa. Nairobi ikagoma siku kadhaa. Makhan Singh hakurudi mjini hadi Oktoba 1961. Kubai naye alikamatwa tena usiku ule wa 20 Oktoba 1952, akafikishwa mahakamani Kapenguria pamoja na Kenyatta, Kaggia, Ngei, Oneko na Karumba. Kaggia pia alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, sahau kidogo habari za vita vya msituni vya Mau Mau unazozisikia kila mara.

Kwa hiyo, kufikia mwisho wa 1952, kila aliyejaribu kuchanganya mshahara na uhuru waziwazi alikuwa kizuizini. Mboya aliyaona hayo yote akiwa kijana wa miaka 22.

Alizaliwa 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la mzungu. Baba yake, Leonardus Ndiege, alitoka kisiwa cha Rusinga akafanya kazi pale. Mtoto akasomea shule za misheni za Kikatoliki, akafika Mangu, karo ikakatiza masomo. Mwaka 1948 akaingia mafunzo ya ukaguzi wa afya, akamaliza 1950, na 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi kuwa bwana afya. Kazi ya bwana afya ni kupima maziwa, kukagua maduka na vyoo, kuandika ripoti na kuipeleka kwa mkubwa. Mwafrika aliyeifanya alilipwa kama moja ya tano ya mshahara wa Mzungu aliyeifanya kazi ileile. Mtu akishazoea kuandika ripoti yenye tarehe, kipimo na sahihi, halafu akaona hesabu ya namna hiyo kwenye bahasha yake ya mshahara, usishangae akianza kukusanya karatasi.

Wafanyakazi Waafrika wa jiji walikuwa na African Staff Association. Hebu elewa tofauti hii, kwa sababu hata leo matawi mengi yanaanguka hapa. Chama cha watumishi cha aina ile kilikuwa cha kutoa maoni. Mwajiri akikisikiliza, sawa, na asipokisikiliza, hakuna sheria iliyomgusa. Chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa kinaweza kudai kitambuliwe, kinaweza kutangaza mgogoro rasmi, na mgogoro huo ukafika mbele ya msuluhishi. Mboya na wenzake wakakigeuza kile cha kwanza kuwa cha pili: Kenya Local Government Workers' Union. Ilibidi kuwe na katiba ya chama, orodha ya viongozi, vitabu vya hesabu vya kukaguliwa, na barua kwa msajili, ambaye alikuwa na uwezo wa kukataa au kufuta baadaye. Mambo yaliyoangusha vyama vingi enzi hizo hayakuwa risasi. Ilikuwa mweka hazina asiyeandika risiti, ada iliyokusanywa kwa mkono mwezi huu na kusahaulika mwezi ujao, na mwanachama anayerudi kwao kulima asionekane tena. Msajili akikuta vitabu havilingani, amepata sababu bila hata kutaja siasa.

Baada ya Kenyatta kukamatwa Mboya alijiunga na chama chake cha siasa, Kenya African Union, KAU, akashika kazi za ofisi huko. Juni 1953 KAU ikapigwa marufuku. Hapo ndipo ngazi ya wenzako inapokosa kusimama vizuri. Septemba 1953, akiwa na miaka 23, alichukua nafasi ya Aggrey Minya kama katibu mkuu wa shirikisho la vyama vilivyosajiliwa, lile ambalo kuanzia 1955 liliitwa Kenya Federation of Labour, KFL. Jiulize: mwaka 1953 ngazi hiyo ilikuwa inaelekea wapi? Waafrika hawakuwa na uchaguzi. Wajumbe wachache wa Kiafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, Legco, waliteuliwa na Gavana. Chama cha siasa cha nchi nzima hakikuruhusiwa. Walioshika kazi kama yake kabla yake walikuwa wamefungiwa mbali, Kapenguria, Kabarnet na Lokitaung. Kijana mwenye tamaa ya cheo angetafuta mlango mwingine.

Mlango huo wa vyama vya wafanyakazi uliachwa wazi kwa makusudi, na lazima uwaambie wenzako hivyo pia. London ilitaka vyama "vya kuwajibika", vya mshahara na saa za kazi, kama kinga dhidi ya vile vya Makhan Singh. Shirikisho la kimataifa la vyama huru, ICFTU, lilituma mjumbe Nairobi, likasaidia kwa fedha na kwa kelele huko nje. Mboya aliingia kwenye nafasi hiyo akaipanua hadi ukingoni.

Ona Operesheni Anvil. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliizunguka Nairobi, wakachuja mji mtaa kwa mtaa, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambini. Kati yao walikuwa viongozi na wanachama wengi wa vyama. Chama cha siasa hakikuwepo cha kulalamika. KFL ililalamika, na ililalamika kwa lugha ya kazi: mtu huyu ni mwanachama, alikuwa zamuni, mshahara wake haujalipwa, familia yake imetolewa nyumbani. Malalamiko ya siasa yangefunga ofisi siku ileile. Malalamiko ya ajira yalikuwa na pa kupelekwa, na nakala yake ikafika Brussels, makao ya ICFTU, na London.

Mwaka huohuo ikatoka ripoti ya Kamati ya Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika. Hadi hapo kima cha chini kilipigwa hesabu ya mwanamume mmoja asiye na familia: chakula chake, nguo zake, na posho ya kitanda. Mke na watoto walidhaniwa wanakula shambani. Kamati ikasema hesabu ihamie polepole kwenye mahitaji ya familia. Mboya hakuivumbua hoja hiyo, wala usimpe sifa hiyo, lakini tangu hapo aliishika kama kisu: serikali yenyewe imekiri kwamba inalipa kwa hesabu ya kapera, sasa ilipe kwa hesabu nyingine.

Kisha Mombasa, Machi 1955, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wewe ndiye unayeketi na mwajiri. Makuli wa bandari waligoma. Mgomo ulikuwa na nguvu lakini haukuwa na mtu wa kuzungumza kwa niaba yake. Waajiri wakasema hawawezi kujadiliana na umati, na serikali ikawa tayari kuleta askari. Mboya akashuka kutoka Nairobi. Hatua zake zilikuwa hivi. Akapata kwanza idhini ya wagomaji wenyewe ya kuwasemea. Akawapelekea waajiri madai machache, ya fedha, yanayopimika. Akaweka sharti kwamba suala liende mbele ya baraza la usuluhishi na asiadhibiwe mtu kwa kugoma. Akarudi kwa makuli akawaomba warudi kazini kabla ya kuona senti. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari. Umati unaorudi kazini mikono mitupu humgeukia aliyeurudisha, na baraza likitoa shilingi mbili tatu, kiongozi amekwisha. Alisimama mwenyewe mbele ya baraza akatetea kesi, na uamuzi ukaja na nyongeza ya karibu theluthi ya mshahara. Hakuna hotuba aliyowahi kutoa ambayo ilimjengea jina kama hesabu ile.

Mwisho wa 1955 akaenda Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja, akisoma mambo ya mahusiano ya kazi na siasa. Akiwa huko, serikali ya Nairobi ikatishia kufuta usajili wa KFL kwa kujiingiza katika siasa. Kongamano la vyama vya Uingereza, TUC, likamtuma katibu wake mkuu, Sir Vincent Tewson, akapatanisha: KFL ibaki, lakini iseme yanayohusu kazi tu. Mipaka ile haikushikika, kwa sababu katika koloni huwezi kuzungumzia mshahara bila kufika kwenye kipande cha utambulisho, ardhi na rangi ya ngozi. Lakini ilimfundisha Mboya jambo la ofisi: shughuli za siasa zinahitaji chombo chake, tofauti na chama, ili kimoja kikifungwa kingine kisife.

Kabla ya kurudi alipita Marekani mwaka 1956. Vyama vya huko, AFL-CIO, vikatoa dola 35,000 za kujenga makao ya KFL. Ndiyo asili ya Solidarity House pale Digo Road, Nairobi. Fedha hizo zilimsaidia na zilimwandama. Wapinzani wake hawakuacha kumwita mtu wa Wamarekani, na shutuma hiyo haikuwa ya bure kabisa: shirikisho linaloishi kwa msaada wa nje kuliko ada za wanachama linakuwa na wakubwa wawili. Arthur Ochwada alijitenga 1959 akaunda shirikisho lake, na mojawapo ya malalamiko yalikuwa haya ya katibu mkuu aliye angani zaidi kuliko ofisini. Mei 1961 huko Casablanca, shirikisho jipya la Afrika lilipotaka vyama vivunje uhusiano na ICFTU, Mboya alikataa. Mimi naona alikuwa sahihi kuhusu uhuru wa chama kujichagulia marafiki, na alikosea kutolijenga kwanza sanduku la ada za wanachama.

Sasa uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika kuchagua wajumbe wa Legco. Viti vilikuwa vinane nchi nzima. Kura haikuwa ya kila mtu. Ulihitaji sifa: elimu, utumishi wa muda mrefu, utumishi jeshini, umri, mali ya pauni 500, au kipato cha pauni 120 kwa mwaka. Mwenye sifa nyingi alipewa kura mbili, hata tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji juu ya hayo cheti cha utiifu. Pauni 120 ni shilingi 2,400, yaani 200 kwa mwezi, na kibarua wa kima cha chini hakukaribia kiasi hicho. Peleka hesabu hiyo kwa wanaosema ngazi: wengi wa wale aliowapigania kule bandarini na mitaani hawakuwa na kipato cha kuwapa kura ya kumlipa. Waliopiga kura Nairobi walikuwa zaidi makarani, walimu, mafundi, watu wa ofisi.

Mpinzani wake mkuu alikuwa C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, mtu jasiri aliyewatetea washtakiwa wa Mau Mau wakati wengine walipowakimbia. Tangu 1955 serikali iliruhusu vyama vya siasa vya wilaya tu, na chama cha Argwings kilipojiita cha taifa kililazimishwa kubadili jina. Mboya alishinda kwa kura mia chache. Kilichomsaidia ni mtandao wa matawi: mtu mmoja katika kila idara na kila mtaa aliyejua nani amejiandikisha na nani bado. Baada ya hapo akaunda People's Convention Party, cha Nairobi peke yake kwa mujibu wa sheria, kikifuata mpangilio uleule wa matawi, na gazeti lake, Uhuru, lilifungwa 1959.

Ndani ya Legco wale wanane, Odinga, Ngala, Muliro, Oguda, Moi, Muimi, Mate na yeye, walianza kwa kukataa nyadhifa za uwaziri chini ya katiba ya kikoloni iliyoitwa ya Lyttelton. Wazungu wengi hawakuamini. Lakini ni mbinu ya mgomo: unaondoa kazi yako hadi masharti yabadilike. Serikali ilihitaji sura ya Mwafrika mezani ili mpango wake uonekane halali, nao wakainyima. Mwisho wa 1957 viti vya Waafrika vikaongezwa hadi 14. Vikaundwa pia viti vya "kuchaguliwa maalumu", na hao wajumbe wakawaita Waafrika walioviwania vibaraka. Saba kati yao, Mboya akiwemo, wakashtakiwa, wakatozwa faini ya pauni 75 kila mmoja. Ilikuwa tangazo la bei nafuu kwao.

Desemba 1958 akachaguliwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wote wa Afrika kule Accra, ana miaka 28. Mwaka uliofuata ikapaa ndege ya kwanza ya wanafunzi aliowatafutia nafasi za masomo Marekani, watu 81. (Baba yake Obama hakuwa ndani ya ndege hiyo, usiwaache wenzako wakurushie hilo.) Januari 1960 akawa katibu wa ujumbe wa Waafrika kwenye mkutano wa katiba Lancaster House, London, chini ya Ngala, na walirudi na katiba iliyowapa Waafrika wingi katika viti vya kuchaguliwa. Mei mwaka huo akawa katibu mkuu wa chama kipya cha siasa, KANU.

Ukitaka ushahidi mmoja wa kuumaliza ubishi, chukua uchaguzi wa Februari 1961, Nairobi Mashariki. Sasa kura ilikuwa pana zaidi. Wakikuyu walikuwa wamerudi mjini nao ndio wengi kwenye daftari, na ndani ya KANU yenyewe waliomchukia walimsimamishia Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu, daktari, mtu wa heshima. Mboya, Mjaluo kutoka Rusinga, alipata zaidi ya kura 31,000, Waiyaki hakufika 3,000. Mfanyakazi aliyeshuku kwamba ametumiwa kama ngazi hapigi kura hivyo.

Wanaosema ngazi wana hoja kuanzia Aprili 1962, Mboya alipokuwa Waziri wa Kazi katika serikali ya mseto na kuacha kiti chake cha KFL. Mwaka ule migomo ilimiminika, mingi ikitoka kwa vyama alivyovilea mwenyewe. Tarehe 15 Oktoba 1962 serikali, KFL na Shirikisho la Waajiri, FKE, wakatia sahihi mkataba wa mahusiano kazini. Waajiri walikubali kutambua vyama na kutowabagua wanachama. Vyama vilikubali kwamba kabla ya kugoma mgogoro upite ngazi zote za majadiliano. Vyama vikapata nafasi ya kudumu mezani. Vikapoteza mgomo wa ghafla, silaha ileile iliyompa Mboya nafasi ya kuitwa Mombasa 1955. Alijua anachokitoa. Kwa maoni yangu aliamini kwamba katika nchi inayojitawala mwajiri mkubwa ni serikali ya wananchi, na kwamba mgomo dhidi yake hauna maana ileile. Hapo simfuati. Mshahara mdogo ni mdogo bila kujali bendera iliyo juu ya ofisi.

Mahakama ya Viwanda, ya kuamua migogoro ya kazi, ikaja 1964. Mwaka 1965, baada ya vyama kupigana wenyewe kwa wenyewe, KFL na mpinzani wake wakafutiwa usajili, likaundwa shirikisho moja la vyama, COTU, na katibu mkuu wake akawa anateuliwa na Rais kutoka majina matatu yanayopendekezwa. Mboya wakati huo alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, katika serikali iliyofanya hayo. Uwezo wa kukataa na kufuta, ambao msajili wa mkoloni aliushika juu ya kichwa chake 1953, haukuondolewa. Ulibadilisha mikono.

Basi ukikutana nao tena, watenganishe miaka. Wanaosema ngazi wakuonyeshe walipoiona kati ya 1953 na 1957. Wanaosema mtetezi hadi mwisho wakueleze 1965. Na kwa tawi lenu, kabla hamjaenda kwa mwajiri mwezi ujao, hakikisheni vitabu vya hesabu vimekaguliwa na orodha ya wanachama ina sahihi. Nitumie nakala ya madai yenu niisome kabla hamjaipeleka.

Ni mimi mzazi wako.